Kabla ya Kununua Ruta, Zunguka Nyumba Kwanza: Jibu kwa Mwalimu wa Kibosho

Swali: "Naishi Kibosho, kwenye nyumba aliyojenga baba mkwe. Mpaka leo ukutani kuna waya wa simu ya mezani, ingawa simu yenyewe ilikufa zamani. Shemeji yangu aliyeko Marekani ametutumia sanduku lenye modemu ya zamani ya kupiga simu na ruta ya Wi-Fi aliyokuwa haitumii tena. Kwa sasa tunategemea hotspoti ya simu yangu, na nikienda shuleni nyumba nzima inabaki bila mtandao. Mbali na mimi kuna baba watoto, anayefanya hesabu za chama cha msingi cha kahawa kwenye kompyuta, watoto wawili wa sekondari, na mama mkwe, ambaye nyumba yake iko kama mita 30 kutoka kwetu, katikati pana migomba. Nina laki tatu. Je, vifaa vya shemeji vinatosha, au ninunue nini? Na nikipata Wi-Fi nzuri, mtandao utaacha kusuasua?"

Mwalimu, salamu kwako na kwa baba watoto, na mama mkwe mpe shikamoo yangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote. Wi-Fi nzuri peke yake haitauzuia mtandao wako kusuasua. Unaishi Kibosho, mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, unaujua. Maji yanaingia kwenye banio, yaani mlango wa mfereji huko juu, yanashuka, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinapata zamu yake. Ukiamua kupanua mfereji ulio ndani ya kihamba chako ukawa mpana kama barabara ya gari, maji yatakayofika kwenye migomba ni yaleyale yaliyopita kwenye banio. Wi-Fi ni mfereji wa ndani ya kihamba. Intaneti yenyewe inaingia kupitia banio, na kwa nyumba yako banio ni laini ya simu ya mkononi inayozungumza na mnara.

Wi-Fi ina kazi yake, nayo ni kugawa. Inachukua kilichoingia ndani ya nyumba na kukifikisha chumbani kwa watoto, mezani kwa baba watoto na nyumbani kwa bibi. Kuleta ni kazi ya kifaa kingine, hata kama mara nyingi vyote viwili hufungwa ndani ya boksi moja na watu wakaliita ruta. Wafanyabiashara wengi humuuzia mtu ugawaji mzuri pale ambapo shida yake ni uletaji, na hilo linaniuma, kwa sababu laki tatu ya mwalimu ikishatoka hairudi.

Sasa sanduku la shemeji. Ile modemu iwekeni kabatini kama kumbukumbu. Ilifanya kazi kwa kugeuza data kuwa sauti, ile milio ya kukwaruza ambayo waliokuwa maofisini miaka ya tisini hawaisahau, kisha kuipitisha kwenye waya uleule wa maongezi. Kiwango kilichoenea zaidi, V.90 cha mwaka 1998, kiliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde, na kwenye nyaya halisi za simu kasi ilikuwa chini ya hapo. Piga hesabu: kilobiti 56 ni kilobaiti 7. Picha moja ya simu ya leo yenye megabaiti 5 ingechukua kama dakika 12 kushuka. Sasisho la gigabaiti 1 kwenye kompyuta ya baba watoto lingechukua karibu saa 40, tena kama laini haikukatika njiani, na muda wote huo simu ya nyumba isingeweza kupokea mtu.

Kuunganisha modemu ya namna hiyo na Wi-Fi kuliwezekana, na watu walifanya. Mwaka 1999 Apple ilitoa kituo chake cha AirPort kikiwa na modemu ya kilobiti 56 tumboni: unachomeka waya wa simu, kompyuta inapata mtandao bila waya. Wi-Fi ya wakati huo, iliyoitwa 802.11b, ilikuwa na megabiti 11 kwa sekunde. Yaani tayari mfereji wa ndani ulikuwa mpana karibu mara 200 kuliko banio. Somo lile ni lilelile la leo, ndiyo maana nakueleza. Lakini modemu ni nusu ya jozi. Upande wa pili lazima awepo mtoa huduma mwenye modemu zinazopokea simu. Hata Marekani, AOL, kampuni iliyofahamika sana kwa huduma hiyo, iliizima tarehe 30 Septemba 2025. Usitoe hata shilingi kufufua waya wa ukutani kwa ajili ya modemu hiyo.

Ruta ya shemeji ni habari nyingine, hiyo ina kazi. Igeuze uone mgongo wake. Ikiwa na tundu moja dogo kuliko mengine, la saizi ya waya wa simu, hiyo ilitengenezwa kwa intaneti ya waya wa simu ya aina ya ADSL. Kama matundu yote ni yale mapana ya waya wa mtandao, na moja limetengwa kwa rangi tofauti, hiyo ni ruta ya kawaida ya kugawa. Zote mbili hazina mahali pa kuweka laini, kwa hiyo haziwezi kukuletea intaneti, ila kugawa zinaweza, na nitakuonyesha pa kuiweka.

Ila kabla hujaichomeka, soma maandishi madogo kwenye adapta yake, pale palipoandikwa INPUT. Ikiwa ni 100-240V, chomeka bila hofu, unahitaji tu kibadilisha pini. Ikiwa ni 120V peke yake, usiithubutu kwenye soketi yetu ya volti 230, itaungua palepale na inaweza kuondoka na ruta. Katika hali hiyo nunua adapta nyingine hapa mjini yenye volti na ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ruta, kwa kawaida volti 12 au 9.

Tuje kwenye banio, na hapa ndipo nataka utumie muda wako mwingi. Kibosho ni nchi ya migongo na makorongo. Mito ya Karanga, Umbwe na Weruweru yote inashuka kutoka mlima Kilimanjaro kuelekea kusini, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo wenye nyumba za watu. Mnara unaouona kwa macho upande wa pili wa korongo unaweza kukuhudumia vizuri kuliko ulio karibu zaidi kwa barabara lakini umefichwa na kilima. Nyumba mbili zilizotenganishwa na mfongo mmoja zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia mtandao fulani ndio mzuri Moshi, mshukuru, kisha upime mwenyewe kihambani kwako.

Kupima hakuhitaji kifaa. Chukua simu ya Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba hasi ikifuatiwa na dBm. Kwa iPhone piga *3001#12345#* utaingia kwenye ukurasa wa vipimo, uitafute namba iliyoandikwa RSRP, ambayo ndiyo nguvu ya mawimbi ya 4G. Zima Wi-Fi ya simu, hakikisha iko kwenye 4G, halafu anza kuzunguka. Simama kila dirisha kwa dakika moja, kwa ndani na kwa nje, panda hata kwenye ngazi chini ya ukingo wa bati, na uandike. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo bora: hasi 85 ni nzuri sana, hasi 95 unaishi nayo vizuri, hasi 105 utaona kasi inapandashuka, na ukifika hasi 115 utakuwa unaomba Mungu. Kila namba 3 unazopanda, nguvu inayopokelewa inakuwa maradufu. Ukipanda 10 imekuwa mara kumi. Ukitoka sebuleni kwenye hasi 108 ukafika dirisha la stoo ukakuta hasi 98, umepata nguvu mara kumi bila kununua kitu.

Fanya hivyo kwa kila mtandao unaoweza kuupata. Azima simu ya jirani, azima ya mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo. Kisha kwenye sehemu mbili bora pima na kasi yenyewe, mara moja saa 12 asubuhi na mara moja saa 2 usiku. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukikuta mawimbi ni mazuri saa zote mbili lakini kasi ya usiku imeanguka vibaya, mnara umeelemewa na watu. Hakuna antena wala ruta itakayokuokoa hapo, dawa ni laini ya mtandao mwingine. Lakini ukikuta mawimbi ni dhaifu na kasi ni mbaya asubuhi na usiku, hapo mahali pa kifaa na antena vinaweza kukusaidia.

Kuna familia moja ya Machame iliniita ikiwa imeshanunua ruta ya bei kubwa yenye antena sita. Mtandao ulikuwa uleule wa kabla ya kuinunua. Nilikuta kifaa chao cha laini kimewekwa nyuma ya televisheni, katikati ya nyumba yenye kuta nene za mawe na bati juu. Nilikichomoa nikazunguka nacho chumba hadi chumba. Kwenye dirisha la stoo, upande wa bonde, kasi ilitoka megabiti 2 ikafika 14. Tulikiacha palepale juu ya rafu, tukavuta waya wa mtandao wa mita 15 hadi kwenye ile ruta yao sebuleni. Ruta haikuwa na kosa lolote, ilikuwa ikigawa megabiti 2 zilezile zilizokuwa zikiingia.

Mfumo ule ndio ninaokupendekezea. Kifaa kinacholeta kinataka kukaa dirishani, panapoonana na mnara. Kifaa kinachogawa kinataka kukaa katikati ya watu. Ukivilazimisha kukaa boksi moja mahali pamoja, mmoja wao ataumia. Vitenganishe, uviunganishe kwa waya wa mtandao, ambao unaruhusiwa kwenda hadi mita 100 bila kupoteza kitu.

Cha kununua basi ni ruta ya mezani yenye nafasi ya laini. Viko pia vile vidogo vya mfukoni vyenye betri, na nakuelewa ukivutiwa navyo, maana bei ni nafuu na umeme ukikatika vinaendelea. Ila kwa nyumba sivipendi. Antena zake ni ndogo, vingi havina tundu la waya wa mtandao, vinahudumia vifaa vichache, na vikikaa kwenye chaji usiku na mchana betri inavimba. Nimetoa kadhaa zilizovimba hadi mfuniko ukafunguka, na betri iliyovimba ni hatari ya moto. Vya kuchomeka kwenye kompyuta navyo vinamhudumia mtu mmoja.

Kwenye ruta ya mezani angalia mambo manne, na usimruhusu muuzaji akuvute kwenye mengine. La kwanza ni daraja la 4G, linaloandikwa Cat. Cat 4 ina mwisho wa megabiti 150 kwa sekunde, Cat 6 ina 300 kwa sababu inaweza kuunganisha masafa mawili ya mnara kwa wakati mmoja. Kihambani hutaziona namba hizo, ila ule uwezo wa kuunganisha masafa husaidia usiku mnara ukiwa na watu wengi. Tofauti ya bei ikiwa ndogo chukua Cat 6, la sivyo Cat 4 inakutosha. TL-MR6400 ya TP-Link na B311 ya Huawei ni mifano ya Cat 4 unayoweza kukutana nayo. Archer MR600 ni ya Cat 6.

La pili ni bendi, yaani makundi ya masafa ambayo mnara na kifaa huzungumzia, na hili ndilo linalowaumiza wanaoletewa vifaa na ndugu wa ng'ambo. 4G ya Marekani inategemea sana bendi kama 2, 4, 12, 13 na 66, ambazo huku si za kutegemea. Wewe ulizia kwanza bendi 3, 20 na 28. Bendi 3 ni masafa ya megahezi 1800. Bendi 20 na 28 ziko kwenye 800 na 700, na masafa haya ya chini ndiyo yanayofika mbali na kupenya kuta na majani. Shemeji akisema anataka kuwatumia na ruta ya laini, mwambie asubiri kwanza umpe orodha ya bendi.

La tatu, isiwe imefungwa kwa kampuni moja. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupwa, hasa zilizotumika, zinakubali laini za kampuni iliyoziuza tu, na wewe bado hujajua ni mtandao gani utakaofaa mwakani. La nne, iwe na matundu ya waya wa mtandao, angalau mawili, na ikiwezekana matundu ya kufunga antena ya nje. Kama Wi-Fi yake ni ya kizazi cha 4, cha 5 au cha 6, kwako ni jambo dogo. Wi-Fi ya kizazi cha 4 ikiwa na hali ya wastani inagawa megabiti nyingi kuliko zile 10 au 20 zitakazoingia. Na kihambani, ambako huna majirani ishirini wanaogombania hewa kama walioko Majengo au Pasua, masafa ya gigahezi 2.4 yatakufaa kuliko ya 5, kwa kuwa yanapita ukutani vizuri zaidi.

Antena ya nje usiinunue sasa. Inunue tu ikiwa baada ya kuzunguka nyumba yote, mahali bora kabisa bado ni chini ya hasi 105. Na hapo jihadhari na waya wake. Waya mwembamba wa antena unapoteza nguvu kila mita. Ukivuta mita 10 kutoka juu ya bati hadi sebuleni, unaweza kumeza faida yote ya antena. Waya wa antena uwe mfupi, wa mtandao uwe mrefu. Antena yenyewe iwe ya nyaya mbili, maana 4G inatumia njia mbili kwa pamoja. Kama hata nje hali ni mbaya kweli, kuna vifaa vinavyofungwa juu ya mlingoti na kupelekewa umeme kwa waya uleule wa mtandao, mfano SXT za MikroTik, lakini hiyo ni bajeti nyingine na sidhani utafika huko.

Nyumba ya bibi. Mita 30 si mbali, tatizo ni migomba. Shina la mgomba ni maji matupu, na maji yanameza mawimbi ya Wi-Fi. Wakati wa kiangazi utajaribu, utaona inafika. Masika ikija, majani yamenenepa na yamelowa, bibi atakuambia imekata. Kwa hiyo vuta waya. Nunua ule wa kutumika nje, wa shaba tupu. Kuna wa aluminiamu iliyopakwa shaba ambao ni nafuu, nao unakatika na kuoza kirahisi. Kwangua ncha kwa kisu mbele ya muuzaji: ikiwa ndani ni nyeupe, rudisha. Upitishe ndani ya bomba la plastiki, ulifukie kina ambacho jembe halifiki, pembeni mwa njia. Kwa bibi ndipo ruta ya shemeji inapopata kazi yake. Iwekwe kwenye hali ya kugawa tu, ambayo kwenye menyu huitwa Access Point, uipe jina na neno la siri sawa na la nyumba kubwa, simu zitahama zenyewe mtu anapotembea. Mvua ya radi inapokuja, chomoa waya huo pande zote mbili pamoja na adapta. Waya mrefu kati ya nyumba mbili unaweza kuleta shoti hata kama radi imepiga mbali.

Umeme nao unahitaji maneno machache. Ruta ya wati 8 ikiwaka mwezi mzima inakula kama uniti 6 za LUKU, kwa hiyo sioni sababu ya kuizimazima. Kukatika ndiko kunakosumbua. Nunua betri ndogo ya ruta yenye kutoa volti 12, ila usidanganyike na namba kubwa ya mAh, kipimo cha ujazo wa betri, kwenye boksi, kwa sababu imepimwa kwa volti 3.7. Betri ya mAh 8800 ina takribani wati-saa 32. Ondoa zinazopotea njiani, itakupa saa tatu na kidogo kwa ruta moja. Angalia volti za ruta yako na saizi ya pini kabla ya kulipa. Na ruta isikae juu ya dari chini ya bati, joto la mchana litaiua mapema.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, lakini ndilo litakalokukasirisha wiki ya kwanza. Simu zenu zikiwa kwenye data ya laini zinajibana. Zikiona Wi-Fi zinadhani ni ya bure, zinaanza kupandisha picha zote za mwaka jana, kusasisha programu, kupakua video za makundi ya WhatsApp. Bando lililokuwa linakaa wiki linaweza kuisha usiku mmoja, na mtu anasema ruta inaiba. Kwa hiyo siku ileile ya kufunga, pita kwenye kila kifaa. Kwenye Android, fungua maelezo ya Wi-Fi yenu na uchague kwamba mtandao huu unapimwa. Kwenye iPhone washa hali ya data kidogo kwa mtandao huo. Kwenye kompyuta ya baba watoto, Windows ina swichi ya kuutaja mtandao kuwa unalipiwa kwa kipimo, na masasisho mengi yatasubiri. Ndani ya WhatsApp ondoa alama zote za kupakua zenyewe chini ya Wi-Fi. Watoto waangalie masomo yao ya YouTube kwa 480p, ubora wa picha wa wastani. Ruta nyingi pia zina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa. Itumie kama zamu za mfongo: jioni baba watoto anapotuma mahesabu, kifaa chake kipewe kipaumbele, na simu za watoto zisizidi megabiti 2 kila moja. Waliokulia kwenye modemu za kupiga simu walikuwa na nidhamu hii kwa lazima, walifungua barua pepe, wakakata, wakasoma baadaye. Kwenye banio jembamba bado ina faida.

Laini utakayoweka isajiliwe kwa kitambulisho chako na alama zako za vidole. Usikubali laini ambayo muuzaji amekupa ikiwa tayari imesajiliwa. Piga *106# uhakikishe namba zilizo chini ya jina lako ni zako. Uliza pia utanunuaje bando bila kuichomoa laini kila mara. Ruta nyingine zina ukurasa wa kutuma ujumbe, na vinginevyo hakikisha mtandao wako unakuruhusu kuinunulia bando ukitumia simu yako. Badilisha neno la siri la kuingilia kwenye ruta lile lililokuja nalo, na usalama wa Wi-Fi uwe WPA2 au WPA3.

Kwa laki tatu, mpangilio wangu ni huu: ruta ya laini kwanza, waya wa shaba na bomba lake pili, betri ya ruta ya dirishani tatu. Mawimbi ya ruta ya dirishani yasipofika chumbani kwa watoto ndipo utanunua ruta ya pili ya bei ndogo ya katikati ya nyumba, hata iliyotumika. Dukani nenda na laini yako yenye bando. Ichomekwe, ruta iwake, uone mtandao unafunguka kwenye simu yako kabla pesa haijatoka mkononi, na udai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, hata kama utaambiwa bila risiti bei inapungua.

Lakini duka lisubiri. Jumamosi hii zunguka nyumba na daftari, mpe mtoto mmoja kazi ya kuandika namba, na mwingine apande ngazi. Nitumie namba za madirisha yote kwa kila mtandao, na kasi za asubuhi na usiku, uniambie pia ni dirisha gani linatazama korongo. Nikiziona nitakuambia ni laini ipi uanze nayo, na kama ile ya bibi itahitaji waya wa mita 30 au 40.